Daftari la Vicheko

Mwaka ule nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya fasihi ya watoto, na kila siku nikiwafokea watoto wangu wanyamaze nisome. Wala sikuona ajabu. Tulikaa ghorofa ya tatu Mchafukoge, vyumba viwili, na nusu ya sebule ilijaa maboksi ya mabeseni na chupa za chai za dukani kwa mume wangu, anayeuza kwa jumla Kariakoo. Meza yangu ilikuwa boksi mojawapo. Mteja akipatikana, meza inauzwa, nami nahamia boksi jingine.

Tasnifu yangu ilitakiwa iwe na hadithi za kubuni, na sura moja ya kueleza jinsi mtoto anavyozipokea. Wenzangu walichukua barua za utambulisho wakaenda kwenye shule za msingi. Mimi nilikuwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni na maharage jikoni, nikaona shule ninayo nyumbani: binti yangu wa miaka saba. Akitoka darasani, akishakula, nilimkalisha kwenye mkeka nikamsomea, daftari likiwa pajani. Akicheka, naandika "kacheka". Akipiga miayo, "kachoka". Akiuliza kitu, naandika swali lake badala ya kumjibu. Hilo la mwisho linaniuma mpaka leo.

Msimamizi wangu, mama wa makamo asiyesifia ovyo, aliyasoma maelezo yale ofisini kwake akavua miwani.

"Hapa una kitu," aliniambia. "Huyu mtoto ni hazina. Endelea naye hivyo hivyo."

Siku hiyo nilipanda ngazi za nyumbani bila kupumzika.

Kufikia Novemba binti yangu alikuwa anacheka kila hadithi, nami nikajiona fundi. Kisha nikaigeuza ile ya kuku wa jirani. Mwanzoni kuku alikuwa akirukia sufuria ya uji. Sasa nikamfanya afe, kwa kuwa msimamizi alitaka nijaribu huzuni. Nilisoma taratibu, mpaka kuku anafunikwa kwa kanga kuukuu. Binti yangu akacheka kwa sauti, macho yake kwenye kalamu yangu.

"Mbona unacheka? Kuku amekufa."

Akashtuka. "Si hapa ndiyo nachekaga?"

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma kwenye daftari lako. Nikicheka unafurahi, mama. Nikipiga miayo unanuna."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananisaidia kazi, kama anavyonisaidia kuosha vikombe. Nilimuuliza ameanza lini, akasema zamani, tangu alipojua kuusoma mwandiko wangu. Nikafunua kurasa moja moja. Karibu daftari zima lilikuwa hisani ya mtoto. Sura niliyosifiwa haikuwa na ukweli, na msikilizaji niliyempata bure nilikuwa nimemgeuza kibarua. Nilitamani kulia, nikaenda kugeuza maharage.

Jioni moja baada ya hapo nilimwita nimsimulie bila karatasi. Alikuja bila kinyongo, ila kabla hajakaa alipitia kwenye boksi akaniletea daftari na kalamu. Nilimwambia leo hatuandiki. Alikaa wima na kunisikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza mkaguzi wa shule.

Ikafika Desemba. Mume wangu ni Mchaga, na Mchaga asipokwenda Kilimanjaro kula Krismasi ukoo mzima unauliza kulikoni. Nilimwambia nabaki, sura nzima naianza upya.

"Mama nimwambie nini?" aliniuliza huku akifunga mizigo.

"Mwambie mkwewe anaandikia watoto."

"Watoto si ndio hawa naondoka nao," alisema, akambeba mdogo, wakashuka ngazi.

Siku zote zile sikuandika ukurasa wa maana. Maduka ya mtaani yalifungwa, kimya nilichokililia mwaka mzima nikakipata, na hakikunisaidia kitu. Sikukuu ya pili, jua likizama, nilimpigia mume wangu. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mama mkwe akianza, "Hadithi, hadithi," na binti yangu akiwatangulia binamu zake wote, "Hadithi njoo!" Nikamwambia mume wangu asikate, aiache simu hapo hapo. Nikamsikia mwanangu akiuliza kwa nini fisi hakukimbia, na bibi yake akimjibu kwamba alikuwa ameshiba mno. Wakacheka wote. Kicheko kile cha mwanangu sikukijua, hakikuwamo daftarini.

Kisha akapewa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bibi anawasimulia nini?"

"Mama, unaandika?"

"Siandiki," nilimwambia. Kalamu ilikuwa mkononi, na nilikuwa nimeshaandika swali lake la fisi na jibu la bibi yake.