Dawa Aliyoishuhudia Sadala

Watu wa Kang'ata walipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, waliwakuta mbu wameshatangulia. Masika yalipokolea, homa ikapita nyumba kwa nyumba. Ukiipata, viungo vinakaza hata mpini wa jembe huwezi kuushika. Ndipo Mdoe alipokuja na watafiti wenzake kutoka Korogwe, wakasema wametengeneza dawa ya kuangamiza virusi vinavyoenezwa na mbu, na wanataka kuijaribu.

Mdoe alikuwa mwenyeji wa Kilole, hukohuko Korogwe. Kijijini alifikia kwa mkulima mmoja, Sadala, akala na kulala humo kama ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo Sadala alipougua, alikunywa ile dawa nyekundu kutoka mkononi mwa Mdoe bila kuuliza, na haukupita muda akainuka. Kwenye mkutano wa kijiji akasimama, akasema dawa ndiyo iliyomtoa kitandani. Mdoe alikuwa ameketi ubavuni pake, kimya. Waliokuwa wakisita wakajitokeza, akiwamo Mwaija, dada yake Sadala.

Mwaija alipona homa, lakini masikio yakaanza kuvuma, kisha yakaziba. Wengine nao wakaanza kulalamika hivyohivyo. Sadala akamuuliza Mdoe imekuwaje dawa imponye yeye na kumdhuru dada yake.

Mdoe akainama. "Kaka, wewe hukunywa dawa. Wengine tuliwapa maji ya sukari yenye rangi, ili tupate kulinganisha. Ulipona mwenyewe."

"Na siku ile ya mkutano ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Sadala hakumtukana. Alimtaka tu asimame mbele ya kijiji ayaseme hayo. Mdoe akakubali, akaomba iwe kesho yake. Kulipokucha kitanda chake kilikuwa kitupu. Alishaonekana akidandia lori la kwenda Korogwe.

Basi Sadala akazunguka mwenyewe, mlango kwa mlango. Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakanong'onezana: mtu akae na mgeni nyumba moja msimu mzima, asijue anachonyweshwa? Wengi waliamini alikuwa akishirikiana na Mdoe tangu mwanzo.

Kwa Mwaija ilimbidi apaze sauti, hata majirani wakasikia kila neno. Mwaija alikuwa akipepeta mtama. Alimwacha amalize.

"Mdoe sikumwamini hata siku moja," alisema. "Nilikuamini wewe."

Akarudi kwenye ungo wake. Sadala alisimama uani, pumba zikimwangukia miguuni, mpaka shemeji yake alipotoka ndani akamwambia aende zake nyumbani.