Dume Chini ya Msonobari

Kila msimu wa kuwinda hapa Idaho, jirani yangu hufunga darubini yake kwenye stendi ya miguu mitatu, akaketi juu ya gunia na kuutazama ubavu mmoja tu wa mlima, asubuhi nzima. Vidole vimempinda kwa baridi, lakini lenzi huzifuta polepole, kwa kitambaa cha marehemu mkewe. "Usitafute kulungu, Darrell," hunisuta. "Tafuta sikio. Tafuta ncha ya pembe. Macho yako yana haraka kama ya mtu aliyebanwa mkojo!" Majike na madume wachanga hawamshughulishi. Dume mzee, husema, jua likimgusa tu huinuka akafuata kivuli. Ndiyo maana amefika uzee.

Leo alfajiri alinishika mkono. "Yule pale, chini ya msonobari uliovunjika. Unamwona?" Nilitazama kwa muda mrefu. Kilikuwa kisiki chenye matawi mawili makavu.

"Namwona, mzee."

"Mkubwa?"

"Mkubwa kwelikweli."

"Anatikisa sikio?"

"Anatikisa."

Akaweka bunduki magotini. "Basi tumsubiri ainuke." Tukasubiri mpaka jua likaanza kutuchoma visogo.

"Limeshafika pale alipo?" akauliza.

"Limefika."

"Na bado amelala?"

Nilikitazama kile kisiki. Mzee akaifungua darubini kutoka kwenye stendi, akazifuta lenzi zote mbili kwa kile kitambaa, kisha akanivalisha darubini hiyo shingoni.