Wino wa Bluu wa Dani

Juzi binti yangu alitupa kalamu ya rangi kwenye pipa. "Mama, hii imekufa," akasema. Jamani, niliiokota mbio! Moyo ulikuwa umesharudi kijijini Dunga, kwa dani yangu, nyanya aliyenilea.

Dani alikuwa akidarizi vitambaa vya viti. Kwanza alichora maua na ndege kwa kalamu ya felti ya bluu, kisha akaifuata mistari kwa uzi. Kalamu ilikuwa moja tu, na aliitunza kuliko sahani za wageni. Kifuniko alikikaza mpaka kikalia tak, halafu akailaza kalamu ubavu ndani ya mkebe, mbali na jua. "Hata kalamu inachoka kusimama," alikuwa akituambia, nasi tunacheka.

Wiki ile wakwe wa shangazi walikuwa waje Jumamosi kumposa. Kitambaa cha kiti cha mgeni mkubwa kilikuwa kimebakiza bawa moja la ndege. Basi jirani yetu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akaazima kalamu aandike jina kwenye katoni zake. Akaisahau wazi juani, pale pale anapoanika. Ilirudi kavu kuliko omena!

"Mama, kalamu yako imekataa," jirani akamwambia Dani, ameinamisha uso.

"Yawa! Wakwe waje waone ndege wa bawa moja?" Shangazi alikuwa karibu kulia. Mimi nilitaka jirani afukuzwe kabisa.

Dani hakugombana. Alipasha maji kidogo, akachovya ncha mpaka bluu ikaanza kutoka, akaipangusa na kuifunika. "Leo tu isimame, kichwa chini," akasema. Asubuhi ikaandika, hafifu lakini ikaandika. Alichora bawa polepole, akalidarizi siku hiyo hiyo.

Ijumaa alikifua kitambaa, na bluu yote ikaondoka na povu. Nikalia, "Dani, wino wetu!"

Akacheka. "Ulitaka ubaki ufanye nini? Uzi umeshajua njia."

Wageni walikula samaki, wakamsifu ndege, na shangazi akaolewa.

Dani hayupo tena. Kitambaa ninacho, na kalamu ya binti yangu imesimama kichwa chini kwenye kikombe. Leo nimekipeleka kitambaa dirishani, nikakigeuza huku na huku, nikitafuta hata nukta moja ya bluu aliyoiacha mwenyewe. Hakuna. Alikuwa akifua vizuri sana, dani yangu.