Mlima Nisioandikiwa na Daktari

Hakuna daktari aliyewahi kuniambia nipande mlima. Kila nilipoulizwa kama napanda kwa raha zangu tu, nilikana. "Daktari amesema nifanye mazoezi," nilijibu, na uso nikauvisha unyonge kidogo. Daktari pekee niliyemwona katika miaka hiyo alikuwa wa meno, naye alizungumzia meno.

Huku kwetu, kuanzia Mapinga mpaka Bagamoyo mjini, mwanamke wa makamo akionekana njiani lazima awe anakwenda mahali: msibani, shambani, sokoni, kumjulia hali mzazi. Ukikutwa na mkoba mgongoni, ndani hamna cha kuuza wala cha kupika, watu wanaanza kukuonea huruma. Neno "daktari" linamaliza maswali yote. Niliwahi kuandika makala ndefu juu ya haki ya mwanamke kwenda atakako. Ilisifiwa sana. Wiki hiyo hiyo nilimwambia jirani yangu, macho makavu, kwamba sukari yangu imepanda. Sina sukari.

Mlima wenyewe uko Uluguru, juu kabisa, kwenye uwanda wa Lukwangule. Msidhani ni kilele cha kupigia picha. Ni nyasi na maji, kama godoro lililosahauliwa mvuani. Ukikanyaga, ardhi inatikisika, kisha inaanza kukunywa taratibu. Ukungu unakaa pale kama mwenye nyumba. Mahali pa juu kuliko pote hupatambui mpaka mwenzako akwambie kwamba mmeshapapita.

Mwenzangu ni mama mmoja niliyesoma naye chuoni, mzaliwa wa huko huko. Safari ya kwanza alinipandisha kwa njia ya magharibi, upande wa Mgeta. Hiyo ni njia ya kiungwana: unapita kwenye matuta ya kabichi na njegere, unasalimiana na watu, kisha msitu unakumeza na mizizi inakuwa ngazi.

"Mtu wa pwani wewe," aliniambia tulipotoka msituni na upepo ukatupiga, "ukifa kwa baridi nitamwambia nini mama yako?"

"Mwambie nilikuwa nimeloa."

Hapo hapo nikazama mpaka magotini. Mguu ukatoka, buti likabaki chini. Nikakaa kwenye tope nikacheka mpaka mbavu zikauma, mimi ambaye nyumbani nikidondosha kijiko nakasirika siku nzima.

Safari ya pili tulitokea kaskazini, upande wa Morogoro mjini. Njia hiyo inafuata mgongo wa milima, na ina dhihaka: unapanda, unadhani umefika, unakuta bonde, unashuka kila ulichokipanda. Nilitukana njia nzima. Niliporudi nilimwambia mama kwamba daktari amefurahi.

Ikabaki njia ya mashariki. Ndiko mvua inakotua kwanza ikitoka baharini kwetu, kwa hiyo ndiko kwenye utelezi zaidi, mteremko ni mkali, na lazima kulala msituni. Magoti yangu yameanza kulalamika. Nilijua nisipoipanda sasa, nitaisimulia kwa midomo ya wengine. Nikaenda Zinga, kwa mama, nikamwambia kwamba safari hii daktari ameniongezea.

"Amekuongezea mlima?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Na kulala huko porini, kwenye maji?"

"Ndiyo, mama."

Akainuka akaenda jikoni. Nikaona nimefaulu.

Ijumaa akaniita. Nilipofika nilikuta viatu vya kike vimejaa mlangoni, ubani unafuka, mikeka imetandikwa, na akina mama wameshika Yasini. Nikajua kuna mgonjwa. Nikamnong'oneza shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ni nani anayesomewa.

"Wewe," akasema. "Kaa hapo katikati."

Nikakaa. Nilikusudia kunyamaza, nisomewe, nile wali, niondoke. Kusomewa hakumdhuru mtu. Lakini mama alikuwa amejifunika kanga mpaka machoni, na kanga ilikuwa inatetemeka. Alikuwa amefikiri peke yake, akafika mwisho wa mambo: ugonjwa ambao dawa yake ni kulazwa kwenye tope juu ya mlima, ni ugonjwa gani huo?

"Mama," nikasema, "siumwi."

"Wanaoumwa hasa ndivyo wanavyosema," bibi mmoja akanijibu.

"Hakuna daktari. Hajawahi kuwapo. Nakwenda kwa sababu napenda."

Yasini zikashuka mapajani. Shangazi akanitazama kama anayetafuta homa.

"Unapenda nini?"

"Kupanda. Baridi. Lile tope."

"Tope? Si ungesema! Masika njoo uani kwangu, nitakukaribisha bure."

"Huko juu kuna nini?" mwingine akadakia. "Kuna mume?"

"Hakuna mtu kabisa."

"Ndiyo maana anapenda!"

Wakacheka mpaka mikeka ikasogea. Mama hakucheka.

"Umeniliza kwa maradhi ya uongo," akasema.

"Kwa uongo nisamehe, mama, na nisamehe kweli. Kwa mlima siombi msamaha."

"Basi usije kuniaga."

Kicheko kikakatika. Kila mwanamke pale alijua kilichosemwa. Mimi na shahada zangu zote sijawahi kuvuka mto Ruvu bila mama kuniambia nenda salama. Kuondoka bila radhi yake naweza, miguu ninayo. Lakini ningepanda nikiwa nimebeba neno lake lile, na mzigo huo hakuna mkoba unaoutosha.

Shangazi ndiye aliyeokoa siku. "Ubani umeshawaka," akasema. "Tumsomeeni akili." Wakanisomea.

Kabla sijaondoka alinivuta pembeni. "Ngoja wiki ipite, umwambie umeitwa semina. Mama yako anaziheshimu semina."

Nikakataa. Semina ingekuwa daktari mwingine, ila amevaa tai. Nilimwambia shangazi, na nikamwambia rafiki yangu wa mlimani, kwamba sitatunga safari nyingine wala sitasema kwamba nimebadili nia. Siku iliyopangwa nitafunga mkoba. Radhi ikija nakwenda. Isipokuja nakaa, na nitakuwa nimekaa huku nataka kwenda, kila mtu ajue.

Kila asubuhi nilimpigia mama. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Simu ikakatwa. Marahaba hakuninyima, lakini hakuiongezea hata neno.

Asubuhi ya safari nilikuwa nimeshafunga mkoba, nakunywa chai ambayo haikuwa na ladha, alipopiga yeye.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule mwenzako si anakungoja?"

"Ananingoja. Na mimi nakungoja wewe."

Nyuma yake nilisikia kuku wanagombana.

"Nisipokuruhusu utasema unaumwa tena?"

"Sitaumwa tena, mama. Nitakaa barazani na mkoba wangu, na kila anayepita nitamwambia nilitaka kwenda mlimani, mama hakuniruhusu."

"Unanitisha?"

"Nakwambia ukweli. Si ndio uliokuwa ukiutaka?"

Akatoa sauti puani, si kicheko, lakini ni jirani wake.

"Mtu mzima na mvi zake," akasema, "anakwenda kuchezea tope."

"Ndiyo, mama."

"Kwa raha zake."

"Kwa raha zangu."

"Haya. Radhi nimekupa, nenda salama, urudi salama. Kufurahi sifurahi, na usinitafutie maneno ya kunifurahisha."

Akakata simu kabla sijamshukuru.