Mnaenda kwa Nani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni Rodi Kopany, nikisubiri gari la Homa Bay. Karibu nami, chini ya ukuta uliojaa mabango ya uchaguzi wa vyama vingi, vijana wawili walikuwa wametandaza ramani juu ya benchi. Walikuwa wamemaliza chuo, pesa kidogo, kila mmoja na begi lake la mgongoni. Mmoja alitaka Lamu, mwenzake Marsabit. Walibishana mpaka mama mmoja muuza samaki akashindwa kuvumilia.

"Nyithinda, watoto wangu, huko mnaenda kwa nani?"

"Hatuna mtu, mama. Tunaenda kuona tu."

Mama alishika kiuno. "Mtu haendi mahali hana mtu!"

Akageuka, akawapigia wenzake kelele kwa Dholuo: nani ana mtu Lamu? Hakuna. Nani ana mtu Marsabit? Kule mwisho mkono ukainuka. Mtoto wa dada yake anafundisha huko.

Mwenye mkono akaja na samaki ngege mkavu aliyefungwa kwa gazeti, pengine lenye safu yangu hii hii, akamsukuma ndani ya begi la yule wa Lamu. "Huko ni nyama tu. Mpelekeeni."

"Na tusipompata?"

"Ulizeni mwalimu Mjaluo analilia samaki."

Vijana wakakunja ramani. Nimezunguka nchi hii na kitambulisho cha gazeti mfukoni, lakini sijawahi kuona Marsabit ikisogea karibu vile, tena kwa samaki mmoja.