Ujumbe wa Saa Nne Asubuhi

Baba mkubwa alikuja kwangu Magomeni, wilaya moja na Mikumi, ameshika simu ya marehemu mkewe. Mama mkubwa alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, lakini simu yake mzee aliendelea kuichaji na kuiweka dirishani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Hebu soma hapa, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Wanamwita."

Nikasoma: Leo ni siku yako ya kliniki. Tunakusubiri, usichelewe. Juu yake palikuwa na ujumbe wa jana, na wa juzi, wote wa saa nne kamili asubuhi.

"Juzi nilikwenda kliniki Mikumi," alisema. "Nikachukua na kadi yake. Nimekaa kwenye benchi mpaka wanafunga. Muuguzi anasema hawajamwita mtu. Sasa nani anamwita, mwanangu?"

Nilijua kinachotokea saa nne.

Wakati huo nilikuwa naupima mfumo wa miadi wa kliniki moja ndogo ya huko Mikumi. Niliandika programu inayojiendesha: kila asubuhi iwachukue wagonjwa wachache, iwapangie miadi, iwatumie ujumbe, iwafute, kisha iwarudishe wakiwa wapya kwa jaribio la kesho. Wagonjwa hao nilipaswa kuwabuni. Kwa uvivu nikachukua nakala ya orodha halisi, nikabadilisha majina, namba za simu nikaziacha. Niliamini ujumbe hautoki nje ya kompyuta yangu.

Nikaitafuta namba ya mama mkubwa kwenye orodha, mzee amesimama nyuma yangu. Mwanamke, miaka sitini na miwili, Magomeni. Jina si lake. Hali: hai. Nikamfuta. Nilipofungua orodha tena, alikuwepo; programu ilikuwa imemtoa upya kwenye nakala.

"Amerudi," baba mkubwa alinong'ona.

Nikaizima programu. "Ni mimi niliyekuwa namwita, baba mkubwa. Nisamehe."

Alielekeza kidole kwenye orodha. "Na hao wengine?" aliuliza. "Nao unawaita waende wapi?"

Walikuwa tisa. Nikaandika namba zao kwenye daftari, nikaifuta nakala yote, nikaanza kupiga kuomba radhi. Wengine walinicheka, mmoja alinitukana. Namba ya mwanamke mmoja wa Rudewa ilipokelewa kabla sijasikia mlio.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Nimeshavaa," alisema. "Natoka sasa hivi."

"Usije, mama. Hakuna kliniki leo. Ni makosa yangu."

Nilisikia mlango ukifungwa. Nikapiga tena na tena alasiri nzima, simu ikaita tu.

Jioni simu ilipokelewa na binti yake. Mama yuko salama, alisema, wamemkuta ameketi kituo cha basi, mtulivu kabisa. Ila amekataa kubadilisha nguo. Anasema asubuhi wataita tena, na safari hii hataki kuchelewa.