Tulivyomtafuta Mama Neema

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Thorncliffe, mtaa wa Toronto, intaneti haikukaa mfukoni. Ilikuwa safari. Ulivaa buti, ukashuka kwa lifti iliyonukia bizari na vitunguu vya watu, ukavuka theluji hadi maktaba, ukajiandikisha na kusubiri zamu. Zamu yenyewe ilikuwa fupi, na ikiisha kompyuta ilijifunga usoni pako kama mlango wa mtu aliyechoka na wageni. Vijana wa leo mtandao ukikwama kidogo wakiwa kitandani, huguna kana kwamba wamefiwa.

Sisi tulikuwa tumefiwa kweli. Baba alibaki katika udongo wa Uvira, mji tuliotoka. Mama tulimzika hapa Toronto, ardhi ikiwa imeganda. Mimi ndiye mkubwa, na nilikuwa nimefikisha umri wa kuachiwa wadogo zangu, Baraka na Zawadi. Niliacha shule nikaenda kufunga mikate kiwandani. Wa damu ya mama alibaki mdogo wake tu, Mama Neema, tuliyepotezana naye tulipokimbia vita. Hakujua kwamba dada yake amekufa. Kila Jumamosi tulikwenda maktaba kumtafuta.

Baraka ndiye aliyeandika, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mara ya kwanza aliandika: "Shikamoo. Tunamtafuta mama yetu mdogo, Mama Neema wa Uvira. Ahsante."

Nilipocheka alinikunjia uso. "Dada, unaomba kitu kwa mkubwa bila kumwamkia?"

"Hiyo ni mashine."

"Inajua mambo mengi kuliko wewe."

Zawadi alicheka mpaka tukanyamazishwa.

Mashine ilituletea kina Mama Neema wa kila nchi: wenye saluni, wauza batiki, wapika keki. Mhudumu mmoja wa maktaba, mama mwenye mvi, akatuonea huruma na kuvuta kiti. Alitufundisha kuacha sentensi ndefu, kuchagua maneno machache yasiyo ya kila mtu, kufunga jina kwa alama za nukuu lisitenganishwe, na kuweka alama ya kutoa mbele ya neno tusilolitaka. Tukatoa saluni. Tukatoa batiki. Kisha akauliza swali jepesi: jina lake mwenyewe ni nani?

Hatukulijua. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, na watoto hawaulizi zaidi. Mama alikuwa akisema, "Jina la mtu mzima si peremende, usilitie mdomoni." Yeye mwenyewe alimwita "mdogo wangu", basi. Aliyelijua jina tulikuwa tumeshamzika.

Hatukuacha. Jioni, tukila sombe, kisamvu cha kugandishwa, niliwasimulia wadogo zangu kila nilichokumbuka juu ya mama mdogo: kwaya, sare ya kijani, kanisa la Mulongwe. Jumamosi iliyofuata tulikwenda na hivyo vipande, na nyingine, na nyingine. Mwishowe Baraka aliandika kwaya, Mulongwe, Neema, na picha ikaanza kufunguka taratibu kutoka juu.

"Dada, ni mama," Zawadi akasema.

Hakuwa mama. Lilikuwa paji lile lile la uso, katika safu ya nyuma. Nikashusha ukurasa kusoma majina chini ya picha. Lake lilikuwa la mwisho: marehemu Consolata, mama yake Neema.

Baraka aliliandika jina hilo peke yake, kwa alama za nukuu, kama tulivyofundishwa. Ikarudi picha ile ile. Kisha zamu ikaisha.

Siku hizi wanangu huiuliza simu kwa mdomo, kwa Kiingereza, nayo hujibu kabla hawajamaliza. Nawaonea wivu. Nimewafundisha majina ya ukoo wote, ya ubatizo na ya nyumbani, nao huyakariri kwa lafudhi yao ya Toronto. Sisi tulimjua mama mdogo kwa harufu ya kitenge chake na kwa sauti yake nzito kwenye kwaya, jina tusilijue. Wao wanalijua jina, na hakuna wa kuitika.